Ateliye ya mbao kule Majengo: meza yangu imepita musimu ya mvua na haijapinda

Naanza na jibu ju najua wengi mnasomaka mistari ya kwanza alafu mnaenda: kama uko Goma na unatafuta mtu wa kukutengenezea meza, etajeri, kitanda ao mlango, nenda ku hii ateliye. Ukitoka soko ya Virunga unapanda kuelekea Majengo, utaona hanga ya manjanja (mabati) mkono wa kuume, mbao zimepangwa inje karibu zifike ku paa, na vijana wawili watatu wanapiga randa. Haina kibao, haina jina ku mlango. Ulizia tu papa fundi mwenye kukausha mbao, watu wa pale wote wanamujua.

Bei yake si ya chini, hiyo nitasema mbele. Lakini kazi ni kazi kweli.

Mi ni mwalimu wa sekondari. Nyumba yetu ni ya mbao, vyumba viwili na salo, watu ni wengi, na miaka yote nilikuwaka nasahihisha kopi za wanafunzi juu ya kitanda, mgongo umekunjwa, taa ya simu mu mukono. Mwisho wa peryode ni mateso, madarasa ni makubwa, kopi zinajaa mu mifuko ya plastiki, mtoto anapita anakanyaga, unatafuta kopi ya mwanafunzi mmoja unaikuta chini ya godoro, na ku masomo prefe, mkubwa wa masomo, anasimama ku mlango wa sal de prof anauliza pointi ziko wapi, pointi ziko wapi, kama vile sisi tuko na ofisi ku nyumba. Kila mwalimu wa hapa anaijua hiyo. Hakuna mtu ku masomo alishawai kuuliza mwalimu anasahihishia wapi. Kwa hiyo meza na etajeri kwangu ni chombo cha kazi, sawa na chaki.

Mbele ya hapo fundi mwingine, sitamutaja, alitutengenezea kabati ya mikaratusi. Siku aliileta ilikuwa nzuri sana, inangaa verni. Musimu wa mvua ukaingia, ukatoka, jua ya mwezi wa saba ikapiga, na milango ikajipinda mpaka leo haifungi, tunaifunga na kamba. Nilimuita arudi kuangalia, kila siku ni "kesho mama, kesho". Ile kabati ndiyo ilinifanya niulizie sana mbele ya kutoa tena franka yangu kwa mtu.

Aliyenionyesha hii ateliye ni rafiki yangu, naye mwalimu, tulisoma wote tangu sekondari. Ye alikuwa ametengenezesha kitanda cha mtoto pale na kile kitanda, nilikitikisa mwenyewe na mikono miwili, hakikulia hata kidogo. Nikamwambia unipeleke kesho asubui.

Sasa kitu cha kwanza chenye kilinigusa. Nilifika na kipimo changu kimeandikwa ku karatasi, mita moja na nusu kidogo, nikamwambia papa nataka meza ya hivi, bei gani? Mafundi wengi hapo hapo wanakupa bei. Ye akauliza: "Mama mwalimu, chini kwenu ni simenti ao ni mbao? Na ukuta? Na nani mwingine atakaa ku hii meza?" Nikasema nitakaa mi. Akasema tena, pole pole, "Peke yako? Hakuna mtoto atafanyia devuare pale? Hakuna mwenzako wa masomo?" Nikamuangalia rafiki yangu, tukacheka. Ni kweli Jumamosi mingi anakujaka kwangu na kopi zake, anakaa ku mkeka, mi niko ku kitanda. Papa fundi akaandika mu kaye yake: watu wawili. Na meza ikabadilika, ikapanuka, ikapata nafasi ya miguu pande mbili. Nitarudi hapo.

Alafu akasema hatoi bei mpaka aone chumba. Alikuja mwenyewe mangaribi ya siku hiyo hiyo, na kijana mmoja, na mupira mrefu wa plastiki wenye unaona ndani. Wakaujaza maji, kijana akashika mwisho mmoja ku kona ya mlango, papa akashika mwingine ku kona ya dirisha, wakangoja maji itulie. Maji ikisimama inakuwa sawa pande zote mbili, hata nyumba iwe imelala namna gani, kwa hiyo wanapiga alama na kreyo pale maji iko, alafu wanapima toka alama mpaka chini. Kona ya dirisha ilikuwa imeshuka vidole viwili kamili. Miaka yote tunaishi mule hatukujua. Ju unajua nyumba mingi za hapa zimekaa juu ya mawe ya volkano ya Nyiragongo, ile ya tarehe 17 Januari 2002 yenye ilipita katikati ya muji mpaka ikaingia mu ziwa, watu walirudi wakajenga juu yake, wakavunja mawe na nyundo, wakamwanga simenti nyembamba, na mawe haiko sawa, kuna mahali kuna shimo chini, simenti inakaa kidogo inashuka. Papa akasema meza ya miguu sawa mu chumba hiki itacheza mpaka kufa, utaweka vikaratasi chini ya mguu kila siku. Akatengeneza miguu miwili ya upande wa dirisha mirefu kidogo. Meza ikiwa ku hanga yake inaonekana imeinama. Kwangu ndani iko sawa sawa, kreyo inakaa, haizunguki.

Kwa etajeri akafanya kitu kingine. Akapiga ukuta na kifundo cha kidole, tok tok tok, toka kona mpaka kona, akisikiliza. Ukuta wa mbao ni nyembamba, ukipigilia musumari popote vitabu vikishakuwa vingi etajeri inakuanguka ku kichwa. Lazima upate mahali shevro, ule mti wenye unashikilia ukuta, iko nyuma ya mbao, na pale sauti inakuwa nzito. Akapata tatu, akaweka alama, na etajeri ikafungwa na visi ndefu ku zile shevro tatu tu. Leo imebeba diksionere, vitabu vya masomo, kaye za miaka mingi, na haijasogea.

Bon, mbao. Hapa naomba mnisikie vizuri ju ndipo pesa yenu inapotelea.

Kuko mikaratusi, ndiyo ya bei ya chini na ndiyo iko mingi, inapandwa kila mahali ku milima yetu. Ni ngumu, inabeba uzito, lakini ikikatwa na kufanyiwa kazi ikiwa mbichi inajipinda na inapasuka ku mwisho, na musumari ukiuingiza bila kutoboa kwanza unaipasua. Kuko grevilea, na sipre yenye inanuka vizuri na ni laini kwa randa lakini inachubuka haraka. Na kuko libuyu, ile nyekundu nyekundu, inatoka mu misitu ya upande wa Beni na Ituri, ndiyo wenye pesa wanapenda, na bei yake inapanda na kushuka kufuatana na barabara. Barabara ikifunga, libuyu inakuwa dhahabu.

Papa fundi hakunisukuma ku libuyu. Alisema meza ya mwalimu juu iwe libuyu ju ndipo mkono unalala na ndipo chai inamwangika, miguu na mifupa ya ndani iwe mikaratusi kavu, etajeri yote mikaratusi. Nikamuuliza mikaratusi si ndiyo ilipinda kabati yangu? Akanipeleka nyuma ya hanga. Kule mbao zimelala kwa safu, na katikati ya kila safu ameweka vijiti vidogo ili hewa ipite juu na chini, manjanja imefunika ili jua isizipige moja kwa moja, na mwisho wa kila ubao umepakwa rangi. Akaeleza kwamba maji inatoka haraka ku mwisho wa ubao kuliko ku tumbo lake, ndiyo maana pale ndipo panaanzaka kupasuka, rangi inaichelewesha ili ubao wote ukauke pamoja. Kanuni ya mafundi wa zamani ni mwaka moja kwa kila inchi ya unene. Ye anakausha mbao za meza zaidi ya mwaka. Akanipa ubao mmoja wenye umeletwa mwezi ule na mwingine wa urefu ule ule wenye umelala pale muda mrefu, nikashika kila moja. Yule wa kwanza ulinivuta bega chini. Wa pili niliuinua na mukono mmoja. Alafu akavigonga na kreyo, mbichi unasema puu, kavu unasema tang. Tangu siku ile nikipita ku mafundi wa barabarani nagonga.

Na ndipo bei yake inatokea. Mbao yenye inalala mwaka ni pesa imelala mwaka. Fundi wa barabarani ananunua asubui, anakata mchana, anauza jioni, lazima akuuzie chini. Mi nililipa karibu dola 150 kwa meza yenye droo mbili pamoja na etajeri, na ku barabara wangenifanyia kwa kama mia moja, labda chini ya hapo. Kwa mshahara wa mwalimu ile tofauti si mchezo, tuliifikiria mu nyumba usiku mbili tatu na bwana yangu. Lakini ile kabati ya kamba nayo tulilipa, na tutalipa tena.

Droo. Lazima niseme kuhusu droo ju watu wakija kwangu ndicho kitu wanavutavuta. Hazina vile vyuma vya kutelezea, zile za bei ya chini zinavunjikaka haraka. Ametengeneza njia ya mbao ngumu pande mbili, akaisugua mushumaa, basi. Inateleza kimya. Na kona za droo hakupigilia musumari, amekata meno ku ubao moja na meno ku mwingine, yanaingiana, kole ndani, imekwisha. Miguu vilevile, ulimi unaingia mu tundu, na ndani ya tundu kijiti kinapita kuushikilia. Nilitafuta musumari meza yote, sikuuona.

Sasa tarehe. Siku ya kutoa avansi nikauliza itaisha lini, nikajua jibu, nikangoja "kesho kutwa mama, wiki ijayo mama". Papa akaenda ku kalandriye yenye imetundikwa ku nguzo, akahesabu na kidole. Akasema: "Mashini yangu ya kukata inataka umeme, na umeme unakatika, nahesabu hizo siku. Kijana wangu iko na kilio ku Sake, nahesabu hizo. Verni haikauki mu mvua, nahesabu hizo." Akanipa tarehe ya mbali, mbali kuliko nilivyotaka. Kusema kweli nilichukia kidogo. Umeme wenyewe siku hizi si kama zamani, tangu ile santrali ya umeme ya Matebe kule Rutshuru, zaidi ya megawati 13, ilianza kazi mwisho wa 2015, wale wenye wameunganishwa wanafanya kazi vizuri kuliko wale wa kungoja umeme wa santrali ya Ruzizi, lakini hata hivyo unakatikaka, na ukikatika vijana wake hawalali, wanarudi ku randa ya mukono.

Ile tarehe ikikaribia, mvua ikanyesha mfululizo. Akanipigia simu? Hapana, simu hapigaki. Alituma kijana mpaka kwangu, kwa miguu, kuniambia mama, verni ya juu inashika vidole, papa anaomba siku chache zingine, ukitaka tuilete hivyo tutaileta lakini ye hashauri. Mi ni mara ya kwanza fundi ananitumia mtu kunieleza kuchelewa mbele ya mi kwenda kumutafuta. Hiyo peke yake ningeipa nyota zote. Ju sisi hapa tunalipa avansi kwa kuamini tu, hakuna karatasi ya notere, hakuna polisi utaenda kumwambia kabati haijaisha. Ukishatoa pesa, neno la fundi ndiyo garanti yako yote.

Kuhusu malipo: anakubali mara tatu, avansi, katikati, na mwisho ukishaona kazi. Anaandika mu kaye, unatia sinyatire, na ye anatia. Tangu benki zilifungwa hapa Goma Januari 2025 kila mtu anajua kutafuta pesa ya mukononi ni shida gani, ye anapokea kwa simu bila kukuongezea kitu, na dola ukileta ziwe safi, zenye zimepasuka hata kidogo anakurudishia kama kila mtu wa muji huu, usimukasirikie.

Kuileta: chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubeba mizigo. Nilitaka kukodi gari, akasema mama hiyo ni pesa ya bure, niko na mtu wangu wa chukudu. Wakalaza meza kichwa chini, miguu juu, magunia chini ili verni isikwaruzike, etajeri pembeni, wakafunga na mupira wa ndani ya pine. Yule kijana wa chukudu alikuwa anashuka barabara na goti moja juu ya ubao, mguu mwingine unagusa kipande cha pine nyuma ya gurudumu, ndiyo frein yake, mi na rafiki yangu tunafuata ku pikipiki, roho juu, kila jiwe naangalia meza. Meza ilifika bila alama hata moja. Wamama wa avenyu walitoka kuangalia, mmoja akaanza kugonga gonga juu, akauliza ni wapi, nikamuelekeza. Chukudu nililipa mwenyewe, si ndani ya bei, muulize mbele.

Na sasa ile "watu wawili". Rafiki yangu mwaka huu amepita mu mambo magumu, ya kwake sitayaweka hapa. Kuna wakati mtu hataki kuulizwa habari, hataki ushauri, anataka tu kuwa karibu na mtu. Jumamosi anakuja na kopi zake, anaweka upande wake, mi upande wangu, thermos ya chai katikati, tunasahihisha. Saa inapita hatujasema kitu. Alafu anasoma jibu la mwanafunzi kwa sauti, tunacheka, alafu bila kuulizwa anaanza kuniambia yenye iko mu roho. Ku mkeka na kitanda haingewezekana, mmoja juu, mwingine chini. Tukikaa kiwango kimoja, uso kwa uso, kazi iko mbele ya kila mtu, maneno inatoka yenyewe. Papa fundi alikuwa anapima tu ubao, lakini mi namushukuru kwa lile swali kuliko kwa verni.

Yenye haikunifurahisha, niseme nayo. Chini ya meza hawakusugua vizuri, magoti yangu yalichomwa na vipande, nilimwambia akatuma kijana na papiye vere ya kusugua, ikaisha, lakini ingekuwa imefanyika ku ateliye. Harufu ya verni ilikaa mu nyumba siku mingi, kama uko na mtoto mdogo ao mtu wa asima omba wakuachie kitu ku hanga kikauke zaidi. Simu hajibu, usijisumbue. Na kama unapenda mitindo ya kisasa ya kuonyesha picha, ye atakuangalia tu, atakuambia hii mguu haitabeba, na hatafanya. Viti vya kusofa hafanyi kabisa, usimuombe. Tena pale ndani ni kelele na unga wa mbao, usivae nguo ya misa.

Kwa mwenye ataenda: nenda asubui mapema mbele ya joto na mbele watu wajae, Jumapili imefungwa. Usiende na kipimo tu, umuombe aje kuona chumba, haombi pesa kwa kuja kama uko ndani ya muji. Sema ukweli pesa yako ni ngapi, atakuambia mbao gani inaingia mule. Na umuombe akuonyeshe nyuma ya hanga, hata kama hununui leo, anapenda sana kuonyesha zile safu zake.

Mi nimeishapeleka avansi ya pili kwake, safari hii kwa milango ya ile kabati. Amesema mwili wake bado ni muzuri, atabadilisha milango tu, na tarehe aliyonipa ni ya mbali tena, nimeikubali.